Jezi, turufu na kisamvu: kujifunza Kireno kwa mambo unayoyapenda

Anayefanya biashara na wenzake wa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, hugundua mapema kwamba Kimakonde kinamfikisha mbali, na Kimwani cha pwani ya Cabo Delgado hakimpi tabu sana kwa kuwa kinakaribiana na Kiswahili. Lakini risiti, fomu ya forodha na barua ya ofisini ni Kireno. Ndipo daftari linanunuliwa, maneno thelathini yanapangwa, Kireno kushoto na Kiswahili kulia, na wiki mbili baadaye yamebaki manne.

Mtu huyohuyo ukimwuliza kikosi cha timu yake kilichocheza fainali miaka mitano iliyopita, anakitaja chote, na nani aliingia dakika ya ngapi. Kichwa chake hakina kasoro. Orodha ya daftarini ndiyo haina pa kushikia. Neno geni hukaa likifungwa kwenye kitu ambacho tayari unakijua kwa undani, na hakuna kitu mtu anakijua kwa undani kama kile anachokipenda.

Chagua kwa kipimo kimoja. Funga macho, taja vitu ishirini vya jambo hilo kwa mpangilio wake bila kusitasita. Nafasi za wachezaji uwanjani, majani manne ya karata, mashimo ya bao, hatua za pishi, maji ya bahari yanavyopanda na kushuka: vyote vinafaa. Jambo ulilolianza mwezi jana halifai, maana utakuwa unajifunza mawili kwa wakati mmoja na yote yatayumba.

Jezi mbili kwa ngeli mbili

Mwenye Kiswahili ana faida ambayo wengi hawaioni. Amezoea upatanisho tangu utotoni: kitabu kizuri, nyumba nzuri, mti mzuri. Kireno kina ngeli mbili tu, ya *o* na ya *a*: *o livro bonito*, *a casa bonita*. Kazi iliyobaki ni kukumbuka neno lipi liko upande upi, na hapo ushabiki unafanya kazi kuliko kanuni yoyote.

Kila nomino ya *o* ivishe jezi ya Yanga, kijani na njano. Kila nomino ya *a* ivishe nyekundu ya Simba. Usiishie kuona rangi; kipe kitu tendo. *O saco*, gunia, limevaa jezi ya Yanga na linapanda ngazi za jukwaa la uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara. *A balança*, mizani, imevaa nyekundu na inanyanyua kombe kwa mikono yake miwili. Ukitaka kugeuza, Simba wachukue *o*, geuza leo kabla hujaanza. Anayebadilisha katikati huharibu yote aliyojenga, kwa sababu picha za zamani hazifutiki kwa amri.

Kawaida neno linaloishia na *-o* ni la *o*, na linaloishia na *-a* ni la *a*. Makundi mengine huvaa nyekundu karibu yote: yanayoishia na *-dade* kama *a cidade*, mji, *-agem* kama *a viagem*, safari, na *-ção* kama *a canção*, wimbo. Wanaosumbua ni waliovuka. Hao waone kama wachezaji waliohama kutoka Msimbazi kwa Simba kwenda Jangwani kwa Yanga au kinyume chake, maana hakuna shabiki anayesahau uhamisho wa namna hiyo. *O problema* na *o clima* yana sura ya nyekundu lakini yamevaa kijani, kwa sababu yametoka Kigiriki. *O dia*, siku, na *o mapa*, ramani, nayo ni ya kijani. Waliokwenda upande wa pili ni *a mão*, mkono, *a tribo*, kabila, pamoja na *a foto* na *a moto*, ambayo ni vifupi vya *fotografia* na *motocicleta*. Waandike waliohama kwenye ukurasa wao peke yao. Si wengi, na ndio wanaomfichua mgeni.

Asiyefuata mpira atumie kanga: pindo liwe *o*, mji uwe *a*. Neno lishonwe pindoni au lichorwe katikati. Masharti ni yaleyale.

Kikosi cha kwanza

Nafasi kumi na moja za uwanjani ni mahali kumi na moja ambapo huhitaji kupakariri. Anza na majina ya nafasi zenyewe: *guarda-redes* ni kipa, *lateral direito* beki wa kulia, *lateral esquerdo* wa kushoto, *central* beki wa kati, *médio* kiungo, *extremo* winga, *avançado* mshambuliaji. Taja na namba za jezi, *um* hadi *onze*, kila mara kwa mpangilio tofauti. Ukizitaja kwa mfululizo tu utajua wimbo na hutajua namba.

Kisha mpe kila mchezaji wa timu yako halisi neno moja la kazi unayoifanya. Kwa mtu wa sokoni, kipa amedaka *o saco* kifuani badala ya mpira. Beki wa kulia anaburuta *a balança* kwenye nyasi. Kiungo mkabaji anamfuata mpinzani akimdai *a dívida*, deni. Mshambuliaji amefunga, na nyavu zimejaa *o dinheiro*, pesa. Winga wa kushoto anakimbia pembeni kabisa, juu ya chaki, na chaki hiyo ndiyo *a fronteira*, mpaka. Waliobaki wape *o preço*, bei. *O troco*, chenji. *O recibo*, risiti. *O camião*, lori. *A banca*, meza ya muuzaji. *O peixe*, samaki. Tumia sura na tabia ya mchezaji mwenyewe: mwenye mbio apewe kitu kinachokimbia, mwenye mwili mkubwa apewe lori.

Pita uwanja mzima kutoka kipa hadi mshambuliaji asubuhi, kisha kinyumenyume usiku. Siku ya tatu uliza kwa kurukaruka: namba sita ana nini? Deni liko kwa nani?

Kosa la kawaida hapa ni kukipakia kikosi kilekile orodha ya pili ndani ya wiki hiyohiyo. Kipa atakuwa na gunia na sindano mkononi, na utayachanganya. Orodha ya pili ipe kikosi cha msimu uliopita au cha wapinzani. Mpenzi wa soka ana vikosi vingi kichwani, avitumie. Shabiki wa Namungo wa Ruangwa hahitaji kuazima wachezaji wa Ulaya asiowajua vizuri.

Picha za sauti

Kabla ya kutunga picha, chukua za bure. Wareno walikaa pwani hii na kuacha maneno: *mesa* ni meza, *bandeira* bendera, *lenço* leso, *vinho* mvinyo, *pipa* ni pipa, *parafuso* parafujo, *copo* ni bilauri na ndiyo kopo letu. Lakini yapo yaliyobadilika njiani, na hayo yanahitaji alama nyekundu daftarini. *Igreja* ndiyo iliyotuachia gereza, nayo kwa Kireno ni kanisa. *Pera* ya Kireno si pera letu. Pera letu ni *goiaba*. *Mama* bila alama ni titi, mama mzazi ni *mamã*. *Papa* ni mkuu wa Kanisa Katoliki, baba ni *papá* au *pai*. Na aliyezoea Kiingereza ajihadhari na mlango ulioandikwa *puxe*: unasomwa karibu na "pushe", na maana yake ni vuta.

Kwa maneno yasiyo na ndugu, tafuta neno la Kiswahili linalofanana kwa sauti, kisha uyaunganishe kwa picha moja. *Chave*, ufunguo, inaanza na sauti ya "sh": ubandike ufunguo wa baridi kwenye shavu. *Faca*, kisu: paka ameuma kisu na anakimbia nacho. *Tia*, shangazi: anatia chumvi mchuzini, anatia tena, anatia tena. *Pato*, bata: ameatamia pato la mwezi mzima na hataki kuinuka. *Chuva*, mvua: shuka uliyoianika imeloa.

Njia hii imepimwa. Mwaka 1975 Richard Atkinson na Michael Raugh wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa wanafunzi maneno 120 ya Kirusi. Waliotumia maneno ya sauti na picha walikumbuka asilimia 72, wasiotumia asilimia 46. Wiki sita baadaye walipopimwa tena ilikuwa 43 kwa 28. Zisome vizuri namba za mwisho: picha ilisaidia, lakini bila marudio nayo ilipungua sana.

Picha inayoshindwa mara nyingi ina kasoro mojawapo kati ya hizi. Imejengwa kwa maandishi badala ya sauti: anayesoma *chave* kwa "ch" ya chai amepotea kabla hajafika shavuni. Au ina neno la sauti bila maana ndani yake: shavu linaonekana lakini ufunguo haupo. Au imekaa tu, haifanyi kitu. Kwa hiyo sikiliza neno kwanza. Rádio Moçambique na RTP África hupatikana mtandaoni. *Nh* ni "ny" yetu kabisa, na mvinyo ni ushahidi. *Lh* ya *milho*, mahindi, ni "l" na "y" zilizoshikana kuwa sauti moja. *J* ya *jogo*, mchezo, ni laini. Ulimi usigonge kama kwenye jambo. *Ão* inapita puani, na hiyo ndiyo inayohitaji siku nyingi: *pão*, *não*, *mão*. Wamsumbiji kwa kawaida hutamka vokali wazi kuliko Wareno wa Ulaya, jambo linalomfaa sana msikilizaji wa Kiswahili.

Picha ni jukwaa la ujenzi. Neno likianza kuja lenyewe, acha kulipitishia shavuni. Anayeng'ang'ania picha huwa anasita sekunde mbili kabla ya kila neno, na mnunuzi hamsubiri.

Karata

Meza ya karata ni darasa lililokuwapo siku zote. Kopa ni *copas*, vikombe. Uru ni *ouros*, dhahabu. Shupaza ni *espadas*, panga za vita. Pau ni *paus*, fimbo. Turufu ni *trunfo*, na karata yenyewe ni *carta*. Angalizo moja: *rei* ni mfalme, ilhali ree yetu ni karata ya moja, ambayo Kireno kinaiita *ás*.

Wawe wachezaji wanne, nusu saa, na maneno haya tu kwa siku ya kwanza: *baralha*, changanya, *corta*, kata, *dá as cartas*, gawa, *é a minha vez*, zamu yangu, *é a tua vez*, zamu yako, *não tenho*, sina, *ganhei*, nimeshinda, *perdi*, nimeshindwa. Atakayesema Kiswahili wakati wa mchezo anapoteza mkono ule. Katika nusu saa kila mmoja atasema *é a minha vez* mara nyingi kuliko ambavyo angeiandika kwa mwezi. Ongeza sentensi mbili kila wiki, si zaidi. Zikizidi, watu hurudi kwenye Kiswahili na mchezo unageuka ubishi wa sheria.

Kete moja, nafsi moja

Kiswahili kinaiweka nafsi mwanzoni mwa kitenzi: ninasema, unasema, anasema. Kireno kinaiweka mkiani: *falo, falas, fala, falamos, falam*. Mtu husahau mkia kwa sababu sikio lake limezoea kusubiri kichwa. Chukua kete tano za bao, zidondoshe moja moja kwenye mashimo matano yanayofuatana, na kila kete inapogonga sema umbo moja kwa sauti. Mkono unajua mwendo huo, ulimi utaufuata. Hamia vitenzi vitatu ambavyo hutaviepuka: *sou, és, é, somos, são*, kuwa, *tenho, tens, tem, temos, têm*, kuwa na, *vou, vais, vai, vamos, vão*, kwenda.

Baada ya siku tano acha kuanzia shimo la kwanza. Weka kete moja kwenye shimo la nne na useme *vamos* palepale. Asiyefanya hatua hii atalazimika kupita *vou, vais, vai* kimoyomoyo kila anapotaka kusema "twende".

Jikoni

Mpenda kupika ana hazina kubwa kuliko wote hapa, kwa sababu pishi lina mpangilio, harufu, moto na mikono kwa pamoja, na kwa sababu *matapa* ya Msumbiji ni jirani wa kisamvu cha Mtwara na Lindi. Kwa watu wanne: majani ya muhogo, *folhas de mandioca*, nusu kilo, karanga zilizotwangwa, *amendoim*, robo kilo, nazi mbili, *dois cocos*, kamba, *camarão*, robo kilo, kitunguu saumu, *três dentes de alho*, yaani meno matatu, na *sal*.

Sema kila tendo unapolitenda, nafsi ya kwanza, kwa sauti. *Lavo as folhas*, naosha majani. *Pilo*, natwanga, pamoja na kitunguu saumu. *Fervo*, nachemsha, dakika 45 hadi 60 sufuria likiwa wazi. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi inayopungua kwa kutwangwa na kuchemshwa sana, kwa hiyo hapa usifupishe. *Ralo o coco*, nakuna nazi. *Espremo*, nakamua. *Junto*, natia tui na karanga. *Mexo*, nakoroga, na *x* hapo ni "sh". Koroga bila kuacha kwa dakika 20 hivi, karanga zikishika chini chakula chote kitanuka moshi. Kamba waingie mwishoni. *Provo*, naonja.

Chakula kikiwa mezani, simulia yote upya kama jambo lililopita: *lavei, pilei, fervi, ralei, espremi, juntei, mexi, provei*. Umepata wakati uliopo na uliopita wa vitenzi vinane kwa sufuria moja. Karatasi isikae jikoni. Ukisoma huku unakoroga, macho yanafanya kazi na kumbukumbu inapumzika. Ukikwama, sema hatua hiyo kwa Kiswahili, endelea, na baada ya kula ndipo utafute neno.

Wavuvi wa Mikindani watafurahia hili: maji mafu kwa Kireno ni *maré morta*, maji yaliyokufa vilevile. Bamvua ni *maré viva*, maji hai.

Kupanda na kushuka daraja

Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba usahaulifu una kasi kubwa mwanzoni kisha hupungua. Marudio basi yabanane mwanzo, yaachane baadaye. Mwandishi Sebastian Leitner alieneza miaka ya 1970 mfumo wa visanduku vya kadi, na kwa mtu wa mpira unaeleweka papo hapo, maana ni ligi.

Karatasi ya A4 ikikunjwa mara tatu na kukatwa inatoa kadi 8. Karatasi nane ni kadi 64, sawasawa na kete za bao moja. Mbele andika Kiswahili, nyuma Kireno pamoja na *o* au *a*. Tafuta maboksi matano madogo: Ligi ya Wilaya huchezwa kila siku, ya Mkoa kila siku ya pili, First League kila siku ya nne, Championship kila siku ya nane, Ligi Kuu kila siku ya kumi na sita. Kadi mpya zote huanza Wilayani. Ukilijua neno, kadi inapanda daraja moja. Ukikosea, inashuka moja kwa moja hadi Wilayani, hata kama ilikuwa Ligi Kuu. Inauma, lakini ndiyo inayofanya mfumo ufanye kazi. Anayefaulu Ligi Kuu anastaafu kwa heshima.

Uliza kutoka Kiswahili kwenda Kireno. Njia ya kinyume ni rahisi na inadanganya. "Nilikuwa karibu kukumbuka" ni kosa. Neno sahihi lenye jezi isiyo yake nalo ni kosa. Kadi mpya nane kwa siku zinatosha: ligi zote zikijaa utakuwa na marudio karibu 40 kila siku, na zaidi ukikosea, kama dakika 15 hadi 20. Anayeanza na kadi 30 kwa siku hufurahi wiki ya kwanza, na ya tatu anazifungia kabatini.

Kutangaza mechi

Mara moja kwa wiki zima sauti ya televisheni na utangaze mwenyewe kwa dakika tano. *A bola está no meio-campo. Ele passa. Remata! Golo!* Yaani mpira uko katikati ya uwanja, anatoa pasi, anapiga, goli. Hapa ndipo *ser* na *estar*, ambazo zote mbili ni "kuwa", zinapotengana kwa urahisi: *ele é avançado*, ni mshambuliaji, hiyo ndiyo nafasi yake, *ele está lesionado*, ameumia, hiyo ndiyo hali yake. Usijiambie kwamba *ser* ni ya kudumu na *estar* ya muda, kwa kuwa marehemu ni *está morto*. Fikiria utambulisho na hali.

Chagua Kireno cha Msumbiji tangu mwanzo, ambacho hufuata kawaida ya Ureno. Video nyingi za mtandaoni ni za Brazili, na huko golo ni *gol*, kipa ni *goleiro*, kona ni *escanteio* badala ya *canto*, kuotea ni *impedimento* badala ya *fora de jogo*. Treni wao huiita *trem*, wakati Msumbiji ni *comboio*. Daladala la Msumbiji ni *chapa*. Kadi yenye neno la Brazili iwekee herufi B pembeni ili usishangae ukisahihishwa. Na kwa mzee usitumie *tu* wala *você*. Sema *o senhor* au *a senhora*, kama ambavyo usingemkuta mzee wa Ligula ukaacha shikamoo.

Dakika tano hizo zikiisha, andika haraka maneno uliyoyakosa ukiwa unatangaza. Mara nyingi huwa sita au nane. Hayo ndiyo kadi mpya za kesho.